Ripoti ya Kijani, Mradi Mgonjwa

Nimekuwa kimya kwa sababu ya mradi mmoja wa programu uliotutoa jasho, na kosa lilikuwa langu.

Kila Ijumaa nilimwandikia mteja ripoti: rangi ya kijani, "kazi inaendelea vizuri". Sikudanganya kwa makusudi. Wiki ya kwanza nilikuwa nimeandika pia orodha ya hatari, ya kwanza ikiwa mteja kuchelewa kutupa data yake ya zamani. Nikaifungia kwenye faili na sikuifungua tena. Ripoti huku, hatari kule.

Hebu tupige hesabu (nimezungusha tarakimu kidogo). Bajeti ilikuwa shilingi milioni 1 kwa wiki 10. Mwisho wa wiki ya 4 tulipaswa kuwa tumefanya kazi ya shilingi 400,000. Tulikuwa tumefanya ya 300,000, na tumetumia 450,000! Gawa 300,000 kwa 450,000 upate 0.67. Yaani kila shilingi iliyotoka mfukoni ilizaa kazi ya senti 67. Kwa mwendo huo mradi ungekula milioni 1.5, na hiyo nusu milioni ya ziada ingetoka kwenye mishahara ya vijana wangu wawili.

Wasimamizi wa miradi huuita uwiano huo CPI. Nami, kama kila mwandishi wa programu, nilijiambia tutafidia mwishoni. Tafiti za David Christensen na wenzake kuhusu mikataba ya ulinzi ya Marekani, miaka ya 1990, zilionyesha kwamba kazi ikishafika asilimia 20, uwiano huo haubadiliki sana hadi mwisho, na ukibadilika mara nyingi hushuka. Wapo waliopinga kwamba kanuni hiyo haifai kila mradi. Sawa, lakini mimi singeweka mishahara ya watu rehani kwa pingamizi hilo.

Wakubwa pia huanguka hapa. Aprili 1990, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Dick Cheney, aliliambia Bunge kwamba mradi wa ndege ya kivita A-12 ulikuwa unaendelea vyema. Haikupita hata miezi miwili, watengenezaji wakakiri kwamba gharama zingepita kikomo cha mkataba. Uchunguzi uliofuata ulikuta ripoti za gharama zilikuwa zimeonyesha ufa mapema, na wachambuzi walionya; waliokuwa juu yao wakapendelea makadirio ya matumaini. Cheney aliufuta mradi Januari 7, 1991.

Kwa maoni yangu, rangi kwenye ripoti ni maoni ya aliyeipaka. Nipe tarakimu, na kando yake hatari inayohusika. Ile 0.67 peke yake haikuniambia ugonjwa ni upi. Nilipofungua orodha ndipo nikaona: data haikuwa imefika, na vijana walikuwa wakiingiza rekodi kwa mkono usiku na mchana.

Siku hizi uwiano ukikaa chini ya 0.9 kwa wiki mbili mfululizo, napiga simu kabla ya kuandika chochote. Huyu wetu nilimpigia Alhamisi ya wiki ya 5. Alikasirika kweli kweli, akauliza mbona Ijumaa zote nilimwambia mambo ni shwari. Sikuwa na jibu. Jumatatu data ikafika.