Filamu ya Kwanza ya Mwanafunzi wa Mwanga

Simu ya mkononi imempa mwanafunzi wa leo uwezo ambao babu yake hakuuota: kupiga picha zinazokwenda, kuziunganisha, na kuwaonyesha wenzake jioni ileile. Hata katika mitaa ya Mwanga, hapa Kigoma, vijana hukutana baada ya masomo, wakagawana sehemu za kuigiza, wakatengeneza filamu fupi. Juhudi hiyo twaisifu. Kinachotukera ni kile kinachotoka humo.

Kijana aliyezaliwa karibu na Soko la Mwanga, ambaye mama yake huuza mawese na shangazi yake huanika dagaa Kibirizi, akishaipata kamera kwa mara ya kwanza huanza kwa kuazima suti. Baada ya suti hutafuta miwani myeusi, bastola ya mti, na nyumba ya mtu mwenye geti. Kisa chake ni cha tajiri wa Dar es Salaam anayesalitiwa na mkewe. Jina lake ni la Kiingereza. Na mwisho wake ni mzee mwenye fimbo anayejitokeza kutoka kusikojulikana na kuwahutubia watazamaji juu ya ubaya wa tamaa. Mama mwenye mawese hayumo. Ziwa, kama limo, limewekwa nyuma ya tajiri kama pazia.

Wako walimu wanaomtetea kijana huyu. Husema: mwacheni aige kwanza, kubuni kutakuja baadaye. Hoja hii ina sura ya busara, nasi tuliolelewa katika ushairi twajua kwamba hakuna malenga asiyeanza kwa kuiga. Lakini tutazame kinachoigwa. Mwanagenzi wa ushairi huiga bahari, huiga vina na mizani. Haazimi msiba wa mtu mwingine akaulilia. Kijana wetu anafanya kinyume. Ufundi hauigi, maana sauti ya filamu yake haisikiki na picha inatikisika. Anachokiiga ni maisha ya watu asiowajua. Miaka kumi ya kuiga kwa namna hiyo haitamfikisha kwenye kubuni.

Tena kwa mwana wa pwani hii jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa Ziwa Tanganyika si geni kwa kamera. Limepigwa picha, limesimuliwa, limeuzwa duniani, na karibu mara zote mkono ulioshika kamera ulikuwa wa mtu mwingine. Mwaka 1939 Marekani ilitoa filamu ya Stanley na Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley. Ujiji ile ambayo ulimwengu uliiona ni Ujiji ya watengenezaji wa Hollywood. Mji wetu wa biashara, wenye misafara yake, wafanyabiashara wake, vilio vya watumwa wake na Kiswahili chake kikongwe, ukageuzwa kuwa uwanja wa Wazungu wawili kupeana mikono.

Mwaka 1951 ikaja filamu ya John Huston, The African Queen, iliyopigwa Kongo na Uganda kutokana na riwaya ya C. S. Forester. Manowari ya Kijerumani iliyomo katika kisa hicho ina asili yake katika meli ya kweli, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kuelea ziwani mwaka 1915. Katika filamu meli inalipuliwa, na mapenzi ya Bogart na Hepburn yanatimia. Katika historia, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi ili isiharibike. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa vizazi kadhaa ikawabeba watu na magunia yao mpaka Mpulungu. Mwezi Mei 2015 ndiyo iliyokuwa ikiwaleta Kigoma maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga. Senema iliizamisha meli ambayo ilikuwa bado na kazi ya zaidi ya nusu karne mbele yake! Na siku zile za Mei, wakimbizi walipokuwa wakishuka bandarini, kamera za mashirika ya habari ya nje zilikuwapo. Kila mwanafunzi wa Mwanga aliwaona watu wale. Ni nani kati yao aliyeigeuza kumbukumbu ile kuwa filamu ya dakika saba?

Gombe nayo haiko mbali. Marehemu Jane Goodall alifika huko mwaka 1960, na filamu juu yake na sokwe wake zikafuata, kuanzia ile ya mwaka 1965 hadi ile ya Brett Morgen ya mwaka 2017, iliyotumia picha za Hugo van Lawick zilizokuwa zimelala ghalani kwa miaka mingi. Hatuna ugomvi na kazi ile. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa, na mwanafunzi angefaa kuitazama ajifunze maana ya kungoja. Lakini ulimwengu unawajua sokwe wa Gombe kwa majina: Flo, Fifi, David Greybeard. Ni wangapi katika ulimwengu huo wanaoweza kumtaja mvuvi mmoja wa Mwamgongo?

Na yule mzee mwenye fimbo, anayehutubia mwishoni, ametoka wapi? Tunamjua ukoo wake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la senema kwa Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, nyingi zikiwa za mafunzo: kilimo, afya, kodi, akiba. Waigizaji walikuwa wenyeji. Aliyeamua nini kisemwe hakuwa mwenyeji. Mtazamaji alihesabiwa kuwa mtoto asiyeelewa mpaka aelezwe. Leo mwanafunzi anapomsimamisha mzee atufafanulie kile tulichokwisha kukiona kwa macho yetu, anaendeleza desturi ya Vugiri bila kujua. Sisi watumishi wa Serikali tunaopenda kila kazi ya sanaa iwe na ujumbe tuna mkono wetu katika tabia hiyo.

Wanafunzi wa Kiafrika wameshatuonyesha njia nyingine. Mwaka 1934 Ufaransa ilipitisha amri iliyombana mtu yeyote aliyetaka kupiga filamu katika makoloni yake bila idhini. Paulin Vieyra, aliyesomea senema Paris, pamoja na wenzake akina Mamadou Sarr, walipozuiwa kupiga picha Afrika hawakujifanya matajiri wa Kifaransa. Waliigeuza kamera kwao wenyewe: mwaka 1955 wakatoa Afrique-sur-Seine, filamu ya kama dakika ishirini, juu ya maisha ya Waafrika katika jiji lile la ugenini. Miaka minane baadaye, Ousmane Sembène wa Senegali, aliyekuwa kuli wa bandari kabla ya kuwa mwandishi, akarudi kutoka masomo ya Moscow na kutengeneza Borom Sarret: mtu mmoja, farasi wake, mkokoteni wake, siku moja ya Dakar. Hapa kwetu Amil Shivji alianza kwa filamu fupi, Shoeshine ya mwaka 2013 (jina la Kiingereza tunalilalamikia, ila kiwi na brashi ni vya Dar es Salaam hasa) na Samaki Mchangani ya mwaka 2014, kabla ya kufika kwenye Vuta N'kuvute mwaka 2021.

Mkokoteni mmoja! Basi Mwanga inakosa nini? Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wapate kuzaliana. Taa zilizozoeleka kumetameta usiku kama mji mwingine juu ya maji zikazimika. Mwenye mtumbwi alifanya nini asubuhi ya kwanza? Mwanamke wa vichanja vya dagaa alimwambia nini mwenye duka aliyemkopesha? Kijana hana haja ya kupinga amri wala kuitetea. Na akae na mtu mmoja, siku moja, amtazame. Humo mna sheria, mna njaa, mna subira, mna kesho ya ziwa, bila mzee yeyote kuhutubia.

Wengine hudai vifaa. Twakubali kwamba upepo wa ziwa ni adui wa kipaza sauti cha simu. Dawa yake ni kumsogelea msemaji, kumkinga nyuma ya ukuta au mtumbwi, na kurekodi sauti upya mahali palipotulia. Jua la saa sita mchana huua nyuso. Alfajiri na magharibi ni bure. Mkono unatikisika? Mfuko wa mchanga juu ya kiti unatosha. Mwalimu naye asikurupuke: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali, na ofisa utamaduni aulizwe kabla ya kazi, si baada yake. Kadhalika anayepigwa picha aombwe kwanza, kisha awe wa kwanza kuiona filamu. Mvuvi asije akawa sokwe wa mtu mwingine tena, safari hii wa mwanawe mwenyewe.

Juu ya lugha hatutarefusha. Jina na liwe la Kiswahili. Bibi akisema Kiha, na aachwe aseme Kiha chake, maneno ya Kiswahili yaandikwe chini ya picha. Taifa halitavunjika kwa sauti ya bibi.

Lililobaki ni ghala. Filamu nyingi za Vugiri zimepotea, na za Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, si rahisi mwanafunzi kuzipata azitazame. Filamu ya simu hufa upesi zaidi: simu ikidondoka ziwani, imekwisha. Kwa hiyo tunawadai wakuu wa shule za Kigoma, Ujiji na pwani yote jambo dogo. Katika maktaba ya kila shule liwekwe sanduku moja linalofungwa kwa ufunguo, na daftari moja. Kila filamu ya mwanafunzi inakiliwe mara mbili, nakala moja humo, nyingine kwa ofisa utamaduni. Na daftarini yaandikwe mwaka, mahali, jina la aliyeshika kamera, na jina la kila aliyeonekana mbele yake.