Mtungi si Kielelezo cha Kitabu

Katika kufundisha tanzia za Ugiriki ya kale, aghalabu walimu tumeitumia michoro ya vyombo vya udongo kama pambo la somo. Tamthilia husomwa kwanza. Kisha picha ya mtungi huonyeshwa, wanafunzi hutaja majina ya wahusika, na kipindi huishia hapo. Sisi twaona kwamba utaratibu huu una kasoro kubwa.

Na tutazame mfano mmoja. Ajax, shujaa wa vita vya Troy, alitazamia kurithi silaha za Achilles aliyeuawa vitani. Zilipopewa Odysseus, aliona amevunjiwa heshima, akajiua kwa upanga wake. Sophocles alikitungia kisa hiki tamthilia katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Lakini Exekias, fundi wa Athens, alikuwa amekwisha kukichora yapata mwaka 540 hadi 530 kabla ya Kristo, Sophocles hajazaliwa bado. Basi mchoro huo utakuwaje kielelezo cha tamthilia ambayo haikuwapo?

Mtungi huo umo katika makumbusho ya Boulogne-sur-Mer, Ufaransa. Exekias hakuchora damu wala maiti. Amemchora Ajax peke yake, ameinama, akiusimika upanga ardhini, ncha juu, na kuushindilia udongo kwa mikono yake. Mbele yake zipo ngao na kofia ya vita. Nyuma yake, mtende. Mikunjo ya paji la uso imechanjwa kwa chombo chenye ncha kali. Mikono ile ni kama ya mkulima apandaye mche, ila kipandwacho ni kifo. Katika tamthilia Ajax husema mengi kabla ya kufa. Hapa hasemi neno, wala hakuna wa kumsikia.

Katika mtungi mwingine wa Exekias, uliopo Vatican, Ajax na Achilles wanacheza mchezo wa ubaoni. Maneno yatokayo vinywani mwao yameandikwa: Achilles ana nne, Ajax ana tatu. Mtazamaji ajuaye mwisho wa Ajax hawezi kuisoma hesabu hiyo bila huzuni.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mwalimu asimulie kisa kwa maneno machache, kisha awaonyeshe wanafunzi mchoro kabla ya kuisoma tamthilia, na awaulize: Mchoraji amechagua dakika ipi? Ameacha nini? Kwa nini? Tamthilia ifuate, isomwe kama jibu la msanii mwingine kwa maswali yale yale.

Wako watakaosema kwamba mitihani huuliza habari za kitabu, si za mitungi. Ni kweli, lakini mwanafunzi aliyezoea kuuliza sababu za uteuzi wa msanii atakisoma kitabu chenyewe kwa makini zaidi. Wengine watasema hawana picha. Umbo la Ajax limepakwa rangi nyeusi tupu, bila vivuli. Mwalimu aweza kulichora ubaoni kwa chaki.

Hatuna budi kukumbuka kwamba tanzia si idadi ya maiti. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini Exekias aliishia kwenye mikono ishindiliayo udongo, amekwisha kuanza kuifahamu.