Maabara Ipo Jikoni
Wazazi wengi wanasubiri shule ijenge maabara ndipo mtoto aonje sayansi. Ya nini kusubiri? Chemsha rosela, chuja, gawa kwenye glasi mbili. Moja ikamulie ndimu: wekundu unakolea. Nyingine itie magadi kidogo: rangi inageuka, inaelekea samawati au kijani. Mwache mtoto akisie sababu. Usimkimbilie na jibu. (Hiyo ya magadi mwaga, si ya kunywa.)

Udadisi wa namna hiyo hufika mbali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanga, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ungali moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake usiokuwa moto. Alichekwa, akazidi kuuliza. Mwaka 1969 akachapisha makala pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Basi mzazi, magadi yakipungua jikoni, usigombe.