Ubora wa hospitali usingoje mgeni rasmi

Mwaka huu wakati wa palizi nilimsindikiza mama mkubwa katika hospitali moja ya serikali. Tulifika saa moja asubuhi. Hadi saa tano faili lake lilikuwa halijaonekana. Daktari alikuwepo, dawa zilikuwepo, faili ndilo lililokosekana. Siku nzima ya kazi shambani ikapotea.

Tumezoea kusema tatizo ni bajeti. Ni kweli watumishi na vifaa havitoshi, lakini faili kupotea ni suala la utaratibu.

Wajapani walilitambua hilo viwandani. Katika viwanda vya Toyota kila mfanyakazi hutakiwa kuonyesha kasoro na kupendekeza marekebisho madogo madogo, bila kukoma. Utaratibu huo, uitwao kaizen, ulitumika katika hospitali ya wanawake ya Castle Street, Sri Lanka, na mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ikaanza kuufuata. Hatua zake za mwanzo ni tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia.

Nne za kwanza tunaziweza. Mgeni rasmi akitarajiwa, makabati hupangwa na sakafu hung'aa. Akishaondoka, mambo hurudi yalivyokuwa. Tunakwama kwenye kushikilia. Hata nyota ambazo serikali ilianza kuvipa vituo vya afya mwaka 2015 haziwezi kuwa mbadala wa kazi ya kila siku.

Napendekeza kila idara ichague kasoro moja na kuipima kila wiki. Mapokezi wahesabu dakika tangu mgonjwa anapofika hadi anapomwona daktari, wabandike matokeo ukutani, kisha wajaribu badiliko moja, kwa mfano kupanga mafaili kwa namba. Muda ukipungua, waendelee nalo. Usipopungua, wajaribu jingine. Stoo nayo itoe kwanza dawa zinazokaribia kwisha muda, kwani dawa iliyoharibika ni mtaji uliotupwa.

Mganga mfawidhi naye asitafute wa kumwadhibu kwa kila kasoro. Mtumishi mwenye hofu huficha kosa, na kosa lililofichwa hurudiwa, safari nyingine kwa gharama ya uhai.

Mwenye duka huhesabu mauzo kila jioni bila kusubiri mkaguzi. Hospitali zetu zianze kuhesabu vivyo hivyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.