Mlango wa Mdaiwa Hugongwa kwa Adabu



Wiki hii hatuandiki kuhusu vitambulisho wala vijana waliokamatwa. Tunaandika kuhusu deni, manake kwa mtaa huu hakuna kitu kinachovunja heshima ya nyumba kimya kimya kama deni. Na tunaandika kuhusu yule mtu anayetumwa mlangoni kulidai. Siku hizi mara nyingi mtu huyo ni kijana wetu wenyewe.

Nianze na mimi. Nilipomaliza diploma nilikaa mwaka mzima bila kazi, halafu nikapata kampuni moja mjini iliyokuwa inakusanya madeni ya mikopo ya simu. Kazi yenyewe iliitwa usuluhishi wa madeni. Jina zuri, beji shingoni. Kila asubuhi unapewa orodha: jina, nambari ya simu, kiasi, siku alizochelewa, mtaa. Mshahara wa maana hakuna, unalipwa asilimia tano ya kile unachorudisha. Na tulivyofunzwa ni hivi: ukifika usiingie ndani. Simama kwa korido, ongea kwa sauti, taja kiasi. Majirani wakisikia, pesa itapatikana.

Siku moja orodha ikanileta hapa hapa Shauri Moyo, upande wa soko la Burma. Mlango ulipofunguliwa nikamkuta mama wa rafiki yangu wa madrasa. Alikuwa amekopa kwa simu akanunua robota la mitumba Gikomba. Alipolifungua, kamera zilikuwa chache, zingine zote fagia. Deni lilikuwa shilingi 6,500. Nilisimama pale korido nikafanya vile nilivyofunzwa. Mama hakukasirika. Alisema tu, "Mwanangu, ingia ndani, usiongelee hapo nje." Sikuingia.

Jioni hiyo alilipa. Baadaye nikajua aliuza mtungi wa gesi. Mimi nikapata shilingi 325.

Ijumaa iliyofuata mwanawe alisalimia safu nzima msikitini akaniruka. Sitadanganya, niliendelea na ile kazi mwezi mmoja zaidi kwa sababu nilihitaji pesa. Kisha nikaacha. Lakini swali halikuniacha: mtu akidaiwa kweli, na anayedai ana haki yake kweli, nani anafaa kwenda mlangoni, na aende vipi?

Sheria inasema nini

Kwanza tujue sheria, kwa sababu wengi wetu tunatishwa na vitu ambavyo havipo.

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu watoa mikopo wa kidijitali zilianza Machi 2022. Zinamkataza mkopeshaji na ajenti wake kutisha, kutukana, kuingia kwenye orodha ya nambari zako na kupigia watu wako, au kuanika habari zako mtandaoni ili uaibike. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inalinda jina lako na nambari yako. Hizi si sheria za karatasi tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni ya apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Walalamishi walikuwa watu wa kawaida kama wewe.

Pili, deni la kawaida ni kesi ya madai, si jinai. Kama hukutapeli mtu wala kutoa hundi isiyo na pesa, polisi hawana kazi yoyote na deni lako. Hili ni zito kwetu. Mlango wa Muislamu ukigongwa usiku huku Eastlands, kuanzia Majengo mpaka huku kwetu, mama hawazi deni kwanza. Anawaza mtoto wake. Ajenti anayesema "nitarudi na polisi" anajua kabisa anabonyeza kidonda gani. Ni tisho, na kanuni zimelikataza.

Tatu, ajenti wa mkopo usio na dhamana hawezi kuingia kwako akabeba TV. Hiyo inataka amri ya korti na dalali mwenye leseni. Na hata huyo dalali wa korti, Sheria ya Mwenendo wa Madai inamzuia kubeba nguo zenu za lazima, vyombo vya kupikia na matandiko. Vifaa vya kazi vya fundi navyo vina kinga yake.

Na anayedai naye ana njia yake. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Hata kabla ya huko, Kifungu cha 159 cha Katiba kinataka upatanisho na usuluhishi upewe nafasi. Kwa hivyo usuluhishi si huruma ya wazee wa mtaa peke yake. Umo kwenye Katiba.

Dini ilitangulia

Aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni. Inaamrisha liandikwe, liwe na mashahidi. Na kuna kitu wengi wetu tunakipita: anayetamka maneno ya kuandikwa ni yule mwenye kudaiwa. Mdaiwa ndiye anapewa sauti. Lakini saa hii mkopo unachukuliwa kwa kubonyeza "nakubali" chini ya kurasa ambazo hakuna aliyezisoma. Aya mbili kabla ya hiyo, ya 280, inaelekeza kwamba mdaiwa akiwa kwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi.

Halafu kuna kisa kilichopokewa na Bukhari, na kwetu hicho ndicho somo lote la kazi hii. Ka'b bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni lake ndani ya msikiti wa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam. Sauti zao zikapanda mpaka Mtume akazisikia akiwa nyumbani kwake. Akatoka, akafunua pazia, akamwita Ka'b na kumwashiria apunguze nusu. Ka'b akakubali. Hapo hapo Mtume akamgeukia yule mwingine akamwambia ainuke alipe.

Angalia vizuri. Hakumtukana mdaiwa mbele za watu. Hakumwambia mdai asahau haki yake. Mdai alipunguza, na mdaiwa akaambiwa alipe sasa, si kesho. Usuluhishi una pande mbili. Ukimbana mmoja peke yake, huo ni upendeleo.

Tunavyofanya sisi

Sasa tuko watu sita, wanaume wanne na akina dada wawili, pamoja na ustadhi mmoja ambaye wafanyabiashara wa hapa wanamheshimu. Tunaenda wawili wawili. Kama mwenye nyumba ni mama, dada anatangulia. Tunaenda baada ya Asr, hatuendi usiku. Jirani akiuliza tumefuata nini, tunasema tumekuja kusalimia, na kweli tunasalimia.

Ndani, la kwanza ni karatasi. Ulichukua ngapi, umelipa ngapi, faini zimewekwa lini. Tunafungua jumbe za M-Pesa tunahesabu pamoja. Utashangaa ni mara ngapi hesabu ya mdai na ya mdaiwa hazikutani. La pili ni mapato. Siku nzuri unaingiza ngapi, siku mbaya ngapi, chakula na kodi vinakula ngapi. Kinachobaki ndicho tunachokipeleka kwa mdai. Hatumruhusu mtu kuahidi elfu mbili kwa wiki kwa sababu ya aibu, na tunajua ana mia tano. Ahadi ya aibu huvunjika wiki ya pili, na ikivunjika mdai anakuwa na hasira mara mbili. La tatu, tunaandika. Mdaiwa anatamka, tunaandika, wawili wanashuhudia. Pesa inatoka kwa mdaiwa inaenda kwa mdai moja kwa moja. Haipiti kwetu hata shilingi moja, na hatulipwi asilimia.

Kuna fundi mmoja wa jua kali pale Kamukunji, anatengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi. Aliyekuwa akimpa mabati kwa deni alimdai shilingi 38,000 na alishasema atachukua mashine yake ya kuchomelea. Tukawaketisha. Daftari lilisema 38,000, lakini simu ya fundi ikaonyesha 7,000 alizotuma na hazikuandikwa. Zikabaki 31,000. Wakakubaliana elfu moja kila Jumamosi. Mtoto wa fundi alipolazwa alikosa wiki mbili, lakini alipiga simu kabla ya Jumamosi kufika, na mdai akamwambia shughulikia mtoto. Leo amebakisha 4,000 na mabati bado anachukua kwa mtu yule yule. Mashine ingechukuliwa siku ile, mmoja angekosa kazi na mwingine angekosa pesa.

Si mara zote tunafaulu. Kuna mjane aliyemkopesha jirani pesa za chama, pesa za akina mama kumi na wawili. Tulimwendea yule jirani mara tatu, akatuahidi mara tatu, siku ya nne nyumba ikawa tupu. Alihama usiku. Mjane analipa chama mpaka leo kwa pesa za kuuza mahamri. Ukiwa na picha kwamba anayedai ni tajiri mwenye tumbo na anayedaiwa ni mnyonge, mkumbuke huyo mama.

Kwa hivyo tunasema hivi

Kwako kijana uliyepata kazi ya kukusanya madeni: hatukuhukumu, tunajua njaa ya mtaa huu. Lakini beji haikuondolei dhima. Kama kazi yako ni kuongea kwa sauti kwa korido, jua kanuni za Benki Kuu zinamtaja na ajenti, si mwajiri peke yake. Na jua kuna siku utakutana na yule mama msikitini. Ukiweza kuifanya kwa adabu, ifanye. Ukilazimishwa kudhalilisha watu, njoo tuongee kabla hujazoea. Mimi nilikuwa naanza kuzoea, na hicho ndicho kinachonitisha nikikumbuka.

Kwako uliyezima simu: washa. Kujificha hakupunguzi deni. Aliye na uwezo akichelewesha haki ya mtu, Mtume ametufundisha hiyo ni dhulma. Na kama huna, sema huna, kwa mdomo wako, mapema. Mdai aliyeambiwa ukweli si sawa na mdai aliyekimbiwa. Ukitishwa, weka ujumbe, usiufute. Piga picha ya skrini, andika tarehe na saa. Hiyo ndiyo ushahidi wako ukienda kulalamika kwa Kamishna wa Data au Benki Kuu. Na kabla ya kukopa tena, angalia kama huyo mkopeshaji yumo kwenye orodha ya wenye leseni ambayo Benki Kuu huchapisha.

Kwa wazee wa misikiti yetu, kwa heshima zote. Kila mwaka tunasikia khutba kuhusu riba, na ni haki. Lakini yule mama wa robota hakwenda kwa apu kwa kupenda riba. Alienda kwa sababu saa nne usiku apu ilimpa pesa kwa dakika moja na sisi hatukuwa na hata mlango wa kugonga. Suratut Tawba aya ya 60 imewataja wenye madeni kati ya watu wanane wanaostahili zaka. Zaka zetu za Ramadhani huisha kwa mchele na unga, na hilo ni jema. Tunaomba fungu la wenye madeni nalo lionekane kwenye hesabu, liwe na daftari, na msikiti uwe na mfuko mdogo wa mkopo usio na riba. Si lazima uanze mkubwa. Shilingi 6,500 zingetosha kuuokoa mtungi mmoja wa gesi.

Mimi nilirudi kwa yule mama. Ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri. Nilibisha hodi, na safari hii aliponiambia ingia, niliingia. Nilimwomba msamaha. Akasema amesamehe, kisha akanipa chai, kisha akaniambia kuna jirani yake ghorofa ya juu anasumbuliwa na deni la kodi, niende nimsikize. Huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemsuluhishia bila beji.

Kama unadaiwa, kama unadai, au kama unataka kufunzwa kazi hii, tuandikie ujumbe hapa kwa ukurasa. Majina hayatoki. Dada zetu tunawahitaji zaidi, wawili hawatoshi.

Allah awafungulie wenye dhiki, awalainishe mioyo wenye kudai, na atulinde na deni tusiloliweza. Aamiin.