Bahari Hatuijui kwa Kuitazama

Jumapili moja ya msimu wa kaskazi, maji yakiwa mafu na bahari imetulia, nilikuwa mmoja wa watu kumi na watatu waliopanda boti kaskazini ya Dar es Salaam kuelekea miamba iliyo ng'ambo ya kisiwa cha Mbudya. Kumi walikuwa wageni wa nchi mbalimbali, pamoja na mkufunzi wao, waliokuja kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Wenyeji tulikuwa watatu: nahodha, mwanawe aliyeshika mashine, na mimi. Wale wawili walikuwa kazini. Mimi nilikwenda kwa aibu. Nimezaliwa pwani, nimetimiza miaka hamsini na minne, nimetunga mashairi kadha juu ya bahari, na ndani ya bahari yenyewe sikupata kutia jicho hata siku moja. Ndipo nikajifunza, uzeeni, jambo ambalo yafaa mtu ajifunze akiwa mtoto.

Kabla ya kushuka, mkufunzi alitusomea ubao. Kila mwamba ulikuwa na jina, na kila jina lilikuwa la kigeni. Nilimsogelea nahodha kule tezi nikamwuliza pale tulipo panaitwaje. Alinitazama kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Sisi wenye mishipi, bwana, tuna jina letu. Lakini kwenye boti hii nafuata la ubaoni." Akanitajia jina lile, na asili yake, na alama mbili za nchi kavu ambazo mvuvi huzilinganisha apate kuujua mwamba asioweza kuuona. Alama mojawapo ilikuwa mbuyu. Mbuyu umekatwa, na mahali pake sasa pamesimama ghorofa. Jina silitaji hapa, maana aliniomba nisilitaje: mwamba wenye samaki ni siri ya mvuvi. Nami naiheshimu siri yake. Lakini siri ifayo pamoja na mwenyewe si siri tena, ni hasara. Na mwanawe, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka pale, alikuwa hajapata kulisikia jina hilo.

Nilipomsimulia mwenzangu wa ofisini habari hii, alicheka. "Mbizi," alisema, "ni anasa ya Wazungu. Utamaduni wetu ni ngoma, ni mashairi, ni kanzu na khanga. Chini ya bahari tuna nini?" Kauli hii nimeisikia kwa wasomi na kwa wasiosoma, na ndiyo niliyokusudia kuipinga, kwa kuwa imevaa nguo ya uzalendo na ndani yake mna kasumba tupu.

Hebu na tuiulize Kilwa Kisiwani. Wajenzi wa kale wa pwani walipotaka jiwe la mihrabu au la kizingiti, jiwe laini la kuchongwa nakshi, hawakulichimba nchi kavu. Walilikata katika matumbawe ya baharini, wakalichonga likiwa bado bichi, nalo likakauka na kuwa gumu. Mapambo ya misikiti yetu ya kale, basi, yametoka majini, na aliyeyatoa hakuwa mgeni. Tuiulize na Ghuba ya Uajemi. Kabla ya biashara ya lulu kuanguka huko katika miaka ya 1930, iliposhindwa na lulu za kufugwa za Wajapani, miongoni mwa wazamiaji walikuwamo watu waliotolewa Afrika Mashariki kwa nguvu na kutiwa utumwani. Walishuka kwa pumzi yao wenyewe, jiwe likiwavuta chini na kamba ikiwarudisha juu. Mtu wetu amelipa kwa mapafu yake elimu ya kina cha bahari. Leo mjukuu wake aambiwa kwamba elimu hiyo si yake!

Ni kweli kwamba mtungi wa hewa na chombo chake cha kupumulia vilikamilishwa Ufaransa mwaka 1943, na Jacques Cousteau pamoja na mhandisi Émile Gagnan. Nani anakana? Baiskeli nayo haikubuniwa Unguja, na hakuna amwitaye mwenye baiskeli mtumwa wa Wazungu. Chombo hakina kabila. Lenye kabila ni jina tukiitalo fungu letu, na ujuzi tuliorithi juu yake.

Tazama Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kilicho mbali, kusini mashariki ya Unguja, mahali wazaliapo ndege wa baharini na watagapo kasa. Katika ramani za Kiingereza kimeandikwa Latham. Mwanafunzi wetu akisoma ramani hiyo atadhani kwamba kabla ya Mwingereza kupita hapakuwa na mtu aliyekiona. Tazama tena Fungu Yasini, jirani ya Mbudya. Yasini ni sura ya Kurani isomwayo kwa mgonjwa mahututi na kwa maiti. Jina kama hilo halikutupwa pale bure. Lamlazimisha mtu mwenye akili kuuliza: nani alisomewa, na siku gani? Mafungu haya mawili yana bahati, kwa kuwa majina yao yamo katika maandishi. Je, yale mengi ambayo majina yao yamo vinywani mwa wazee tu?

Sasa nageukia shule, maana kosa kubwa liko kwetu sisi tuliosoma. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kanuni ya Boyle, kwamba mgandamizo wa gesi ukizidi mara mbili ujazo wake hupungua nusu. Huinakili ubaoni, huikariri, huijibu katika mtihani, kisha huisahau. Na huenda darasa lake li karibu na ufuko, asikia mawimbi yakivunja. Laiti angejua kwamba kanuni hiyo iko pale nje ikimngoja! Mita kumi chini ya maji ya chumvi mgandamizo huwa maradufu ya ule wa juu. Mita ishirini, mara tatu. Pumzi aivutayo mpiga mbizi mtunginimwake akiwa mita kumi, akiifungia kifuani na kupanda nayo juu, itataka nafasi mara mbili, na mapafu yatapasuka. Ndiyo maana amri ya kwanza tuliyopewa ilikuwa: usizuie pumzi kamwe. Amri ya pili: panda polepole, kwa sababu naitrojeni iliyoyeyuka katika damu ikitoka kwa haraka hufanya mapovu mwilini, na mapovu hayo huweza kumlemaza mtu au kumwua. Nilipoishuka ile kamba ya nanga, nikiona rangi nyekundu ya mkoba wangu ikififia na kuwa kijivu, nilijifunza habari za mwanga na gesi zaidi ya nilivyojifunza katika miaka yangu yote ya shule.

Nisije nikadhaniwa kwamba nawalaumu wageni. Chini kule niliona bustani: matumbawe ya kila umbo, pono wakiyaguguna, pweza mmoja akibadilisha rangi kama mnafiki. Lakini niliona na makaburi. Palikuwa na mahali ambapo matumbawe yote yalikuwa kifusi, kana kwamba mji umepigwa mabomu. Na kwa kweli ulipigwa. Ile ilikuwa kazi ya baruti. Sheria yetu imekataza uvuvi wa baruti tangu mwaka 1970. Kisiwa cha Mbudya na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Hata hivyo, miaka mingi baadaye mlipuko ulikuwa ukisikika katika pwani hii. Aliyetupa baruti hakuwa mtalii. Alikuwa ndugu yetu, na sisi tulikula samaki wake bila ya kuuliza. Jiwe kubwa la matumbawe huongezeka kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwaka. Dakika moja ya baruti huangamiza kazi ya karne. Mtu hutupa baruti mahali asipopajua, kwani kwake yeye chini ya maji ni giza lenye samaki. Maji usiyoyafika hujui kina chake, walisema wahenga. Nami naongeza kwamba usichokijua hukionei huruma.

Najua nitaambiwa kwamba gharama ni kubwa. Ni kubwa kweli; siku moja ya mitungi ile yaweza kula mshahara wa karani wa wiki kadhaa. Sidai kila mwanafunzi apewe mtungi. Nadai mambo matatu madogo. La kwanza, kila mtoto wa pwani afundishwe kuogelea, chini ya uangalizi wa watu wazima, kabla ya kufundishwa kuuchora mtumbwi. La pili, siku za bamvua, maji yanapokupwa na mwamba kuonekana, mwalimu wa sayansi alipeleke darasa lake huko, pamoja na mvuvi au mama mmoja wa wale watafutao pweza, naye mwalimu akubali siku hiyo kuwa mwanafunzi. La tatu, mwalimu wa Kiswahili awatume vijana kwa wazee wakaandike majina ya miamba, mafungu na mikondo, na hadithi zake. Na penye siri waombe ruhusa. Kazi hiyo haina gharama kubwa: yahitaji daftari, kalamu na adabu.

Tuliporejea jua likishuka, yule kijana alifunga mashine, akamwuliza baba yake jina alilonitajia asubuhi. Akaambiwa. Akasema, "Baba, mbona siku zote hukuniambia?" Mzee aliendelea kukunja kamba. "Hukuuliza," alijibu. "Na wote wanaouliza hapa, huuliza bei."

Walimu na wanafunzi, hatujachelewa kuuliza. Lakini wazee hawatatungoja.