Kuni za Bure Zina Bei Yake

Muulize mkazi yeyote wa vijiji vya Garsen ni nishati ipi iliyo rahisi kupikia, naye atakujibu pasi na kusita kwamba ni kuni, kwa kuwa hazinunuliwi. Jawabu hilo nililikubali kwa miaka mingi. Hata nilipokuwa mwalimu katika shule moja ya msingi pwani hii, niliona sawa kila mwanafunzi kufika na ukuni mkononi kwa ajili ya jiko la shule. Siku moja msichana wa darasa la saba alichelewa hadi saa nne. Alikuwa akitafuta ukuni huo. Somo lililompita lilikuwa hesabu, na mimi ndiye niliyekuwa nikilifundisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya hesabu nyingine, nayo ndiyo ningependa walimu wenzangu waiandike ubaoni. Bei za nishati hupanda na kushuka, na za Garsen si za Mombasa. Kwa hivyo tuanze na kisichobadilika, yaani joto linalofika sufuriani. Mafiga matatu hupoteza joto jingi hewani. Lifikialo chungu ni kama sehemu moja kati ya nane. Jiko la makaa lenye kauri hufikisha karibu thuluthi. Jiko la gesi hufikisha zaidi ya nusu.

Kwa kipimo hicho, mtungi wa gesi wa kilo 6 hufanya kazi ya makaa kilo 17 au 18 katika jiko la kauri, au mafuta ya taa lita 11 hivi, au kuni kavu kilo 75 juu ya mafiga. Kila mwanafunzi na aulize bei za dukani kwao, azidishe, kisha alinganishe. Wengi watashangaa kuona kwamba anayenunua makaa kwa mkebe, siku baada ya siku, huenda mwishowe akalipa sawa na mwenye mtungi, au hata kumpita. Tofauti ni kwamba mkebe hudai shilingi chache leo, ilhali mtungi hudai fedha zote kwa mkupuo mmoja, baada ya kugharimia chombo chenyewe na kichomeo chake. Maskini hakosi hesabu. Hukosa fedha za mkupuo.

Na kuni je? Kilo 75 ni mizigo mitatu au minne ya kichwani. Ikiwa kila mzigo humla mama nusu siku, mkadirieni ujira wa kibarua wa shambani, kisha mniambie ubure uko wapi. Ongezeni moshi unaowatoa machozi na kuwaumiza mapafu yeye na mtoto aliye mgongoni. Ongezeni pia mafuriko. Mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023, Mto Tana ulipofurika, barabara zilikatika na kuni zikalowa, na familia zilizohamia nyanda za juu zikawa na unga lakini hazina moto.

Wapo watakaosema kwamba makaa ndiyo suluhisho. Methali yetu imetuonya kuwa rahisi huvunja upishi. Katika tanuri la kienyeji la kufukia udongo, kilo moja ya makaa hula kilo 6 hadi 10 za mti. Makaa yale kilo 17 basi yameteketeza kilo mia moja na zaidi za kuni. Na miti hiyo hutoka wapi? Kandokando ya mto huu ipo misitu ambamo wanaishi kima wa aina mbili wasiopatikana kwingine duniani, na kwa ajili yao hifadhi ilitengwa mwaka 1976. Tukiimaliza, hatutaipanda upya kwa hotuba.

Waama, twaujua mti mmoja usiostahili huruma hiyo. Mathenge uliletwa Bura na Hola miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na kuwapa watu kuni. Leo umevamia malisho ya Waorma na Wawardei na mashamba ya Wapokomo, na miiba yake yatoboa nyayo za watu na mifugo. Hata hivyo, makaa yake ni mazuri, na ukikatwa huchipuka tena. Mchoma makaa akiuanza huo kabla ya miti ya ukingoni, atakuwa ametutendea hisani maradufu.

Serikali nayo isijitoe. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi iliondolewa mwaka 2016, ikarudishwa 2021 kwa asilimia 16, ikateremshwa 2022 hadi asilimia 8, na 2023 ikaondolewa tena. Nyumba ya kijijini haiwezi kupanga maisha yake juu ya sera inayoyumba kama mtumbwi usio na kafi. Mafuta ya taa nayo yalitozwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kukomesha uchanganyaji wake na dizeli, nalo fukara asiyechanganya chochote akalipia hatia ya wengine.

Sisi walimu tunayo sehemu yetu. Kwanza, tukome kumtuma mtoto kuni. Shule ijenge jiko linalobana joto na inunue nishati yake kwa bajeti. Pili, tuwafunze wazazi hesabu hii, na vyama vya akina mama vinavyochangiana fedha kwa zamu vinunue mtungi kwa zamu vilevile. Figa moja haliinjiki chungu. Msichana yule aliyechelewa alinyimwa somo la siku moja kwa sababu ya ukuni mmoja. Gharama hiyo haijaandikwa katika daftari lolote la bei, nami bado naiona kuwa deni langu.